Skrini Haijafa, Ni Draiva Tu

"Skrini imekufa." Nimeambiwa maneno haya mara nyingi sana, na kila nikiambiwa huwa nauliza swali moja tu: ilikufa lini? Jibu huwa karibu lile lile. Jana jioni ilikuwa sawa, ikaniambia inasasisha, nikaiacha ikiendelea, asubuhi nikaiwasha ikawa giza tupu. Haya basi wasomaji wangu, leo tuzungumze kuhusu hilo giza, kwa sababu naona watu wakinunua vioo wasivyovihitaji, na wale wanaotuletea hayo masasisho naona hawaulizwi maswali ya kutosha.

Msimamo wangu niuseme mapema. Laptopu ambayo skrini yake imezima mara tu baada ya draiva ya michoro kusasishwa si mgonjwa wa fundi wa vioo mpaka ithibitishwe hivyo, na kuthibitisha ni kazi ya dakika tano isiyogharimu hata shilingi. La pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi: draiva inayobadilisha kile ninachokiona ingepaswa kujirudisha nyuma yenyewe pale ninaposhindwa kuona. Si ndoto. Windows imekuwa ikifanya jambo la aina hiyo kwa miaka mingi, ila mahali pengine. Nitafika huko.

Kwa wale ambao si watu wa kompyuta: draiva (si yule wa matatu) ni programu inayokaa katikati ya Windows na chipu ya michoro. Windows inasema nataka dirisha hapa na maandishi pale, draiva inaigeuza hiyo amri kuwa lugha ambayo chipu ile, ya kampuni ile, ya mwaka ule, inaielewa. Chipu ikisikia amri isiyoielewa, au draiva ikikosea kuhusu kioo kilichofungwa kwenye mashine yako, unaweza kupata giza, au skrini inayopepesa, au maandishi manene kama ya bango la barabarani. Kompyuta yenyewe inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa! Iko macho, inakungoja, ni vile tu hamwonani.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye uhondo. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kitu cha kwanza kuonekana ni nembo ya kampuni iliyotengeneza laptopu. Nembo ile haichorwi na Windows wala na draiva mpya. Inachorwa na ile programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama, BIOS au ndugu yake mpya UEFI, kabla Windows haijaamka. Wakati huo draiva yako mpya ni faili tu lililolala kwenye diski. Kwa hiyo ukiiona nembo vizuri, bila mistari wala madoa, basi kioo kinafanya kazi, taa ya nyuma ya kioo inawaka, na kebo inayopita kwenye bawaba inapitisha picha. Vitu vitatu ambavyo fundi angekuuzia vimejithibitisha vyenyewe, bure, ndani ya sekunde nne. Ukiiona nembo, kisha vile vidoti vinavyozunguka, kisha giza linaingia pale ambapo ungeandika neno la siri, basi umeona kwa macho yako dakika ambayo draiva imeshika usukani.

Na kinyume chake ni kweli pia. Ikiwa giza limeanza sekunde ya kwanza, hata nembo hakuna, usiilaumu draiva. Haijaamka bado.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, nembo inaweza kupita haraka mno usiione. Dawa yake ni kuingia kwenye BIOS yenyewe. Zima kabisa kwa kushikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10, kisha washa huku ukigonga F2, au F10, au Esc, au Del, kutegemea kampuni. Ukishaingia kaa humo dakika kumi, sukuma kifuniko mbele na nyuma polepole, tazama kama picha inatetemeka. Humo hakuna draiva ya Windows, kwa hiyo chochote kibaya utakachokiona humo ni cha vifaa. Pili, tangu Windows 8, ukichagua "Shut down" mashine nyingi hazizimi kabisa; zinahifadhi sehemu ya mfumo pamoja na draiva zake ili ziwake haraka kesho. Ndiyo maana mtu anaweza kuzima na kuwasha mara saba na tatizo likabaki pale pale, halafu akachagua "Restart" mara moja likaisha. Watu wengi wanadhani hivyo viwili ni kitu kimoja. Si kimoja.

Nina jirani ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Laptopu yake ni ya zile zilizotumika Uingereza kisha zikaletwa Nairobi, ngumu kama jembe, haina shida. Asubuhi moja ikaamka giza, na ndani yake kulikuwa na ripoti za muhula za wanafunzi 54 ambazo mwalimu mkuu alizitaka Ijumaa. Akaipeleka mjini, fundi akaifungua kifuniko, akaitazama, akaifunga, akasema skrini imekufa, leta shilingi 8,500. Mwalimu akaja kwangu si kuomba ushauri, bali kuniuliza kama bei ile ni ya haki.

"Mwalimu, ukiiwasha, ile nembo ya mwanzo unaiona?"

"Naiona vizuri sana, mwanangu. Halafu inapotea."

"Inapotea wakati gani?"

"Wakati ule ningeweka neno la siri."

"Basi usimpe mtu pesa."

Kwanza tulijaribu njia fupi ambayo ningependa kila mtu aijue kama anavyojua namba ya M-Pesa yake: shikilia kitufe cha Windows, Ctrl na Shift kwa pamoja, kisha bonyeza B. Hii inaiamrisha Windows 10 na 11 kuanzisha draiva ya michoro upya bila kufunga kazi yako. Utasikia mlio mfupi, skrini itapepesa. Mara nyingine inatosha. Kwa mwalimu tulisikia mlio, giza likabaki, lakini ule mlio wenyewe ulikuwa habari njema maana ulituambia Windows iko hai. Kisha nikaichomeka kwenye televisheni yake kwa kebo ya HDMI, nikabonyeza Windows na P, mshale chini, Enter, na lo! Ripoti zote 54 zikatokea ukutani, watoto wake wakashangilia kama Harambee Stars imefunga bao.

Ukiona hivyo, umepata jibu karibu lote. Mashine ni nzima, chipu ya michoro ni nzima, draiva inazungumza na televisheni lakini haielewani na kioo cha ndani. Na sasa una skrini ya kufanyia kazi. Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kutengeneza chochote. Tulinakili ripoti kwenye flashi. Kazi ya mtu kwanza, mashine baadaye.

Baada ya hapo tukaingia Device Manager, tukafungua "Display adapters", tukabofya kipanya kulia juu ya jina la chipu, "Properties", kisha "Driver". Hapo kuna kitufe kinachoitwa "Roll Back Driver", kinachorudisha draiva ya awali. Kwa mwalimu kitufe hicho kilikuwa kijivu, hakibofyeki, maana Windows haikuwa na draiva ya awali ya kurudia. Hili linatokea mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa kwa mashine iliyowekewa Windows upya na muuzaji. Basi tukachagua "Uninstall device", tukaweka alama kwenye kisanduku cha kufuta na programu ya draiva, tukaanzisha upya. Skrini ya ndani ikarudi! Maandishi manene, mwangaza haupunguki wala kuongezeka, lakini ikarudi. Hiyo ni draiva ya kimsingi ya Microsoft, inaitwa "Microsoft Basic Display Adapter", ambayo haijui chochote kuhusu ufundi wa chipu yako lakini inajua kuchora, basi. Usiogope ukiiona. Ni gurudumu la akiba, linakufikisha nyumbani.

Kutoka hapo tulienda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, tukaandika namba ya modeli iliyo chini ya mashine, tukapakua draiva ambayo kampuni hiyo iliipitisha kwa modeli hiyo. Ilikuwa ya zamani kwa miaka kadhaa. Safi kabisa. Draiva ya zamani iliyojaribiwa na kioo chako ni bora kuliko draiva mpya ambayo haijawahi kukutana nacho. Nasisitiza tovuti ya kampuni, maana kuna tovuti nyingine nyingi zinazojidai kukutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja, na hizo zikimbie kama nyuki.

Siku mbili baadaye akanipigia simu. Giza limerudi. Windows Update iliona draiva ni ya zamani, ikaihurumia, ikaweka ile mpya tena! Hapo ndipo niliposhikwa na hasira za kuandika haya. Tukarudia yote, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya usakinishaji wa vifaa katika Control Panel, pale inapouliza kama Windows ishushe draiva yenyewe, nikachagua "No". Tangu siku hiyo kimya.

Asiye na televisheni wala monita afanye nini? Ashikilie kitufe cha kuwasha mashine izime, aiwashe, na mara tu Windows ianzapo kupakia aizime tena vivyo hivyo. Arudie. Kwa kawaida mara ya tatu Windows inakubali kwamba kuna jambo na kufungua ukurasa wa bluu wa matengenezo. "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza 4. Hiyo ndiyo "Safe Mode", ambamo Windows inatumia ile draiva ya kimsingi tu, na ukiwa humo unaweza kurudisha au kuondoa draiva mbovu kama tulivyofanya. Zamani za Windows XP na 7 tuligonga F8 tu, mambo yakaisha, lakini tangu Windows 8 njia hiyo imefungwa usipoifungua mwenyewe mapema. Maendeleo hayo.

Laptopu nyingine zina chipu mbili za michoro, ile ndogo ya Intel au AMD iliyo ndani ya prosesa, na ile kubwa ya Nvidia au AMD kwa michezo na video. Hapa watu wengi wanapotea. Wanaondoa draiva ya Nvidia, wanaiweka, wanaiondoa, siku nzima, kumbe kwenye mashine nyingi za aina hii kioo cha ndani kimeunganishwa na ile chipu ndogo, na draiva yake ndiyo iliyosasishwa. Angalia tarehe za draiva zote mbili kabla ya kugusa chochote. Na kama skrini haizimi bali inapepesa, au mwangaza unapanda na kushuka wenyewe unapotumia betri, angalia kwanza mipangilio ya Intel ya kuokoa umeme. Kuna mbinu iitwayo "Panel Self Refresh" ambayo inakiacha kioo kijichoree chenyewe picha isiyobadilika, na baadhi ya vioo havielewani nayo. Izime, uone.

Sasa kuhusu fundi. Kuna watakaosema fundi yule alikuwa mwizi. Mimi sisemi hivyo. Mtu mwenye kibanda cha futi sita Luthuli Avenue analipa kodi kila mwezi, na mteja anayeletewa kioo kipya hulipa bila kunung'unika kwa sababu amekiona kioo kwa macho yake. Mteja huyo huyo ukimwambia umemrudishia draiva ya awali na unadai shilingi 1,000, atakuuliza, "Kwani umeweka nini?" Sisi wenyewe tumewafundisha mafundi kwamba tunalipia vitu na si maarifa, basi wanatuuzia vitu. Ningependa kumwona fundi anayeandika ubaoni: kupima kama ni skrini au draiva, shilingi 500, hata kama sikutengenezi chochote. Ningempelekea wateja kila wiki.

Nisije nikaeleweka kwamba kila giza ni la draiva. Washa tochi ya simu, iweke karibu na kioo kwa mshazari kwenye chumba chenye giza. Ukiona picha hafifu sana nyuma ya weusi, taa ya kioo imekufa, na hapo fundi ana haki ya pesa yake. Picha ikija na kupotea kadiri unavyosogeza kifuniko, ni kebo, na kebo ni bei nafuu kuliko kioo. Mistari ndani ya BIOS ni kioo, kebo au chipu.

Na kuna kisa kimoja kikubwa kinachonifanya niwe mwangalifu. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu ya chipu za laptopu zilizokuwa zikiharibika kutokana na malighafi dhaifu iliyofungia chipu kwenye ubao. Joto likipanda na kushuka kila siku, viungio vinapasuka. Dalili zake? Mistari, picha zilizojirudia, giza. Yaani zilifanana kabisa na draiva mbovu, na ninaamini kuna watu wengi waliokesha wakibadilisha draiva za bure. Dell na HP zikatoa sasisho la BIOS lililofanya feni izunguke zaidi, ambalo lilipunguza joto lakini halikuunga kilichokwisha pasuka. Kwa hiyo kipimo changu kinakata pande zote mbili. Kinamzuia fundi wa vioo kukuuzia kioo, na kinamzuia mtu wa programu kama mimi kukupotezea wiki nzima kwenye mashine ambayo chipu yake imepasuka.

Kwa wenzangu wa Linux nitapita haraka. Ukisasisha Ubuntu na kupata giza, shikilia Shift au gonga Esc wakati wa kuwaka, ingia "Advanced options", chagua kerneli ya awali. Kama draiva ni ya Nvidia, mara nyingi utakuta haikujengwa upya kwa ajili ya kerneli mpya, au Secure Boot imeikataa. Ikishindikana, bonyeza e kwenye menyu ile, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl na X. Watu hutucheka kwamba Linux ni ya wenye muda wa kupoteza, lakini tazama jambo hili: Ubuntu huweka kerneli ya zamani pembeni makusudi, na menyu ya kuichagua huja kabla ya draiva yoyote ya michoro kuamka. Aliyeipanga hivyo alijiuliza, "Na hii mpya ikikataa?" Swali hilo ndilo ninalolidai kwa Windows.

Mtu ataniambia, ndugu, hizo laptopu zenu ni kuukuu, nunueni mpya. Tutazame rekodi. Windows Vista ilipotoka Januari 2007 na mfumo mpya wa draiva za michoro, takwimu za Microsoft yenyewe, zilizofichuliwa mwaka 2008 katika kesi ya "Vista Capable" huko Marekani, zilionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya kuanguka kwa Vista kulikorekodiwa mwaka 2007 kulitokana na draiva za Nvidia. Machi 2010 Nvidia iliiondoa draiva yake 196.75 kwa sababu iliharibu uendeshaji wa feni na kadi zikapata joto kupita kiasi. Machi 2016 ikaja 364.47, mashine za watu zikashindwa kuwaka vizuri, toleo jingine likatolewa haraka. Na mwishoni mwa Januari 2025 ikatoka 572.16 pamoja na kadi mpya za RTX 50, wanunuzi wakaanza kupata skrini nyeusi, na marekebisho yakafuatana hadi Aprili. Hao ni watu wenye kadi za hela nyingi, wenye intaneti ya waya. Kama wao hukumbwa, mwalimu wangu mwenye mashine ya mitumba na bando la megabaiti chache atakuwaje? Draiva ya kumtoa gizani ina mamia ya megabaiti. Anaipakua kwa pesa yake ili kutengeneza kitu kilichoharibiwa bila ruhusa yake.

Hoja ya upande wa pili naijua na naiheshimu. Draiva za michoro zina mashimo ya usalama kama programu nyingine, na mtu akiachiwa achague hatasasisha kamwe. Ni kweli. Ndiyo maana simwambii mtu azime masasisho yote. Windows 10 na 11 zimekuwa zikiruhusu kuyasimamisha hadi siku 35, lakini hapo unasimamisha na yale ya usalama, sawa na kufunga bomba zima kwa sababu ya kikombe kimoja kichafu. Toleo la Pro lina sera ya kukataa draiva peke yake na kupokea mengine. Kwa nini sera hiyo isiwe swichi ya kawaida kwenye Home, ambayo ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za watu wa kawaida? Mwaka 2015, siku zile Windows 10 inatoka, malalamiko kuhusu draiva zilizoingia zenyewe yalifika hadi Microsoft ikatoa kiprogramu cha kuficha sasisho usilolitaka. Kiprogramu cha pembeni, si swichi ndani ya mipangilio.

Na sasa nirudi kwenye ile ahadi. Unakumbuka ukibadilisha ukubwa wa picha kwenye Windows? Linatokea dirisha linalokuuliza kama ungependa kubaki na mabadiliko, na linahesabu sekunde 15. Usipojibu, Windows inarudi ilikotoka. Walioliweka walikuwa na akili ya ajabu: walijua kwamba asiyeona hawezi kubofya "Hapana", kwa hiyo kimya chake kikahesabiwa kuwa ni hapana. Hiyo ilikuwapo tangu enzi za XP. Jambo dogo kama ukubwa wa picha lina ulinzi huo, na jambo kubwa kama kubadilisha draiva nzima usiku wa manane halina!

Mimi huandika programu kwa kazi. Tukipeleka toleo jipya kwenye seva, kwanza linaenda kwa watumiaji wachache, kuna kipimo kinachouliza kila sekunde kadhaa "upo mzima?", na lisipojibu toleo la awali linarudishwa lenyewe bila mtu kuamshwa. Draiva mpya ya michoro ikishaingia, Windows ingeweza kuonyesha swali mara ya kwanza unapofungua mashine: unaona vizuri? Ukibofya ndiyo, imeisha. Zikipita dakika mbili za mtu kugonga vitufe ovyo bila kujibu, irudishe ya zamani. Na kama hakuna mtu mbele ya mashine? Swali lingoje, hakuna haraka. Nafasi ya diski si kisingizio, maana Windows ina ghala lake la draiva ambamo tayari huweka nakala. Akirudishwa nyuma mtu ambaye hakuwa na tatizo, amepoteza nini? Anabaki na draiva ya jana, iliyokuwa ikifanya kazi jana.

Hata uwezo wa kuichunga draiva upo. Tangu Vista, chipu ya michoro ikikaa sekunde 2 bila kujibu, Windows huianzisha draiva upya. Mwaka 2025 Microsoft ikaleta kwenye Windows 11 kitu kiitwacho "Quick Machine Recovery", baada ya lile balaa la CrowdStrike la tarehe 19 Julai 2024 lililoangusha mashine milioni 8.5 hivi. Ni hatua nzuri, ila inasaidia mashine iliyoshindwa kuwaka. Mashine ya mwalimu haikushindwa kuwaka. Kwa hesabu za Windows ilikuwa nzima kabisa, na hakuna aliyeiuliza kama kuna mtu anayeiona.

Mpaka hapo watakapotusikia, fanya hivi wikendi hii wakati skrini yako bado inawaka. Pakua draiva ya michoro kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako, iweke kwenye flashi, andika juu yake kwa kalamu ni ya mashine gani. Kisha tafuta ufunguo wa BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe, na ukijaribu kuingia "Safe Mode" unaweza kuulizwa tarakimu 48 ambazo hujawahi kuziona maishani. Wengi waliokuwa wakitengeneza mashine zao ile Julai 2024 walikwama hapo hapo. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa mashine, na kama uliinunua ikiwa imeshaandaliwa, akaunti hiyo huenda ikawa ya muuzaji. Mpigie leo, akiwa bado anashika simu zako.